Punda Afe, Mzigo Ufike?

SOMO LA UTUNZAJI WA PUNDA KATIKA MAJIRA YOTE YA MWAKA

Ninyi mlio darasani pamoja na mwalimu wenu, sogeeni karibu na redio. Na wewe unayesoma somo hili katika karatasi baada ya kulisikia, soma polepole. Ukifika mahali pagumu, rudi nyuma usome tena. Hakuna anayekukimbiza.

Somo la leo ni juu ya punda. Wote mnaijua methali isemayo, "Punda afe, mzigo ufike." Ni methali ya zamani, na wazee waliisema kwa maana yao. Lakini leo tuipime kwa hesabu ya nyumbani.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana punda mmoja. Punda huyo huleta maji kutoka kisimani, huleta kuni, na siku ya gulio huchukua gunia la mtama. Leo mama ana haraka. Punda anachechemea, lakini mama anampiga fimbo, na mzigo unafika. Kesho asubuhi punda hasimami. Je, maji ya kesho yataletwa na nani? Yataletwa na mama mwenyewe, kichwani, dumu moja moja. Au yataletwa na binti yake, ambaye siku hiyo hatakwenda shule. Basi mnaona kwamba mzigo wa leo ulifika, lakini mzigo wa kesho hauna mchukuzi.

Kwa hiyo somo letu lina neno moja kubwa, nalo ni hili: punda huficha maumivu yake. Ng'ombe akiumwa hulia, mbuzi hupiga kelele, mbwa hujilamba. Punda husimama kimya tu. Wewe ukiona kwamba ni mgonjwa, mara nyingi ugonjwa umekwisha kaa siku nyingi. Basi usingoje akuambie. Mtafutie ugonjwa kwa mkono wako, kila siku.

PUNDA AMETOKA WAPI

Kwanza tujue asili yake, maana ukijua asili ya mnyama utajua mahitaji yake. Punda wa kufugwa ametokana na punda-mwitu wa kaskazini-mashariki ya Afrika, katika nchi kavu zenye mawe na mvua haba. Alifugwa huko maelfu ya miaka iliyopita. Kwa hiyo mwili wake umeumbwa kwa ukavu. Anaweza kula majani makavu yasiyo na nguvu nyingi, na akaishi. Anavumilia kiu kuliko wanyama wengi wa kufugwa.

Lakini nywele zake hazizuii maji kama nywele za farasi. Mvua ikimnyeshea, hulowa mpaka ngozini. Na kwato zake hunywa unyevu upesi, zikawa laini na kuoza. Kumbe basi, mnyama huyu ambaye watu humwona ni chuma, huogopa mvua na matope kuliko jua. Mkilishika neno hilo, mmekwisha elewa nusu ya somo.

MKONO WA ASUBUHI

Kila asubuhi, kabla hujamwekea punda mzigo, fanya mambo matano. Hayachukui muda mrefu kuliko kuchemsha chai.

La kwanza, mtazame kwa mbali. Je, amesimama kwa miguu yote minne? Masikio yake yanageuka kufuata sauti? Amekula chakula cha usiku? Punda ambaye hataki kula ni mgonjwa, hata kama hana dalili nyingine. Akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili wake huingia katika damu, nayo yaweza kumwua.

La pili, pitisha kiganja chako juu ya mgongo, tena pale shingo inapokutana na mgongo, kifuani, na chini ya mkia. Tafuta mahali penye joto, uvimbe, au nywele zilizokatika. Nywele zilizokatika leo ni kidonda cha kesho. Watu husema kwamba shukrani ya punda ni mateke. Lakini punda mpole akirusha teke unapomgusa mahali fulani, amekuonyesha mahali panapouma. Usimpige. Patazame pale.

La tatu, inua miguu yake mmoja mmoja. Kwa kijiti kisicho na ncha kali, au chuma kilichopindwa, toa mawe, mavi na matope katika kwato, ukianzia nyuma kwenda mbele. Kisha nusa. Ukwato mzima hauna harufu mbaya. Ukisikia harufu ya kuoza na kuona uchafu mweusi, kuoza kumekwisha anza.

La nne, tazama mavi yake. Mavi mazuri ni madonge yenye unyevu kidogo. Madonge makavu na magumu sana ni dalili ya kukosa maji. Ikiwa hakuna mavi tangu jana, naye anajitazama ubavuni na kujilaza na kuinuka tena na tena, ana maumivu ya tumbo. Usimpe mzigo. Mwite bwana mifugo upesi.

La tano, mpe maji kabla ya kazi, si baada ya kazi tu.

HESABU YA MZIGO

Sasa chukueni kalamu. Punda wa kwetu Afrika Mashariki ni wadogo. Wengi wana uzito wa kilo 120 hivi hadi 150. Kanuni rahisi ni kwamba mzigo wa mgongoni usipite theluthi moja ya uzito wa punda. Ikiwa punda ana kilo 130, gawanya kwa 3. Utapata kilo 43 na kidogo.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Basi dumu la lita 20 lina kilo 20. Madumu mawili ni kilo 40, na hayo punda wetu anaweza kuyabeba. Madumu manne ni kilo 80. Hizo ni zaidi ya nusu ya uzito wake mwenyewe. Watu wengi humpakia madumu manne kwa sababu husimama naye na kutembea. Ndiyo, atatembea, maana tumesema kwamba huficha maumivu yake.

Mzigo uwe sawa pande zote mbili. Kamba isigusane na ngozi. Weka kwanza tandiko nene la gunia safi lililojazwa majani makavu, au shogi iliyoshonwa vizuri. Liwe na mfereji katikati, ili uti wa mgongo usiguswe na kitu. Ukimaliza kazi, lianike tandiko juani, upande wa ndani ukiwa juu. Jasho lililokauka hugeuka kuwa kama msasa.

Wenye mikokoteni, sikieni neno moja. Nira ya ng'ombe si ya punda. Ng'ombe husukuma nira kwa shingo na nundu yake. Punda hana nundu. Yeye huvuta kwa kifua. Ukimfunga nira ya ng'ombe, mti utamsaga shingo mpaka nyama. Mtengenezee mkanda mpana wa kifuani, wa turubai au ngozi laini, usiopanda juu mpaka kooni, wala usioshuka mpaka kuzuia miguu.

MAJIRA YA MVUA

Sasa twende na mwaka. Tutafuata majira ya nchi za kati ya Tanzania, kama Dodoma na Singida, ambako punda ni wengi. Huko mvua huanza Novemba au Desemba, na huisha Aprili. Ninyi wa kaskazini na wa pwani, mlio na masika na vuli, geuzeni miezi tu. Kazi ni zile zile.

Mvua inapoanza watu hufurahi kwa sababu majani yamerudi. Lakini kwa punda haya ndiyo majira ya hatari. Kabla ya mvua ya kwanza, mjengee kibanda. Si lazima kiwe cha bati. Nguzo nne, paa la nyasi, na ukuta wa fito upande unaotoka upepo vyatosha. Jambo kubwa ni sakafu. Iinue kwa udongo na kokoto, iwe na mteremko, ili maji yasisimame. Punda akilala juu ya matope, paa halimsaidii.

Toa mavi kibandani kila siku, uyapeleke shambani. Utapata faida mbili. Kwanza, shamba lapata mbolea. Pili, mayai ya minyoo yaliyo ndani ya mavi hayatapata nafasi. Mayai hayo huanguliwa kwenye unyevu, na minyoo midogo hupanda juu ya majani mabichi, punda akala. Ndiyo sababu punda anaweza kukonda katikati ya majani mengi. Mwulize bwana mifugo juu ya dawa ya minyoo, naye akadirie uzito wa punda kwanza. Dawa pungufu haiui minyoo yote. Ile inayobaki huizoea dawa.

Majira haya ndiyo ya kupe pia. Tafuta ndani ya masikio, chini ya mkia, na katikati ya miguu. Na hapa nawaonya sana. Dawa nyingine za kuogeshea ng'ombe zina kitu kiitwacho amitrazi. Ng'ombe haimdhuru, lakini punda na farasi huwafunga matumbo, nao huweza kufa. Usimwogeshe punda kwa dawa ya ng'ombe kabla ya kuuliza. Soma maandishi ya chupa. Leo unajua kusoma. Hii ndiyo faida yake.

Tena angalia chakula cha akiba. Mabua yaliyonyeshewa yakaota ukungu usimpe. Yanamwumiza tumbo na kifua.

KIPUPWE

Mwezi wa Mei mvua imekwisha, na mavuno yanaingia. Juni na Julai kuna baridi ya usiku na upepo. Punda mzima mwenye chakula huivumilia. Punda mkonde, mzee, au mtoto aliyezaliwa karibuni aingizwe ndani ya banda.

Hii ni miezi ya kutengeneza na kuweka akiba. Kusanya mabua ya mtama na mahindi yakiwa makavu, uyapange juu ya kichanja ili mchwa na maji yasiyafikie. Wengi huyaacha shambani yaliwe na kila mnyama apitaye, halafu mwezi wa Oktoba hulia.

Punguza kwato. Hukua kila siku kama kucha zako. Punda atembeaye juu ya mawe huzisugua mwenyewe, lakini wa mchangani zake hurefuka mbele kama ncha ya kiatu, akatembea kwa kisigino. Kila baada ya wiki 6 hadi 10 zitazamwe na mtu aliyejifunza kazi hiyo, mwenye kisu na tupa ya kwato. Panga lisitumike kamwe.

KIANGAZI

Kutoka Agosti mpaka mvua irudi, tatizo ni maji na chakula. Punda huhitaji lita 10 hadi 25 za maji kwa siku, kadiri ya joto na kazi. Hapa kuna jambo la aibu. Punda hubeba maji ya nyumba nzima, na mara nyingi yeye mwenyewe hapewi. Husemwa, "Punda havumilii kiu?" Huvumilia, lakini kuvumilia si kuishi vizuri. Mnyweshe kisimani kabla ya kurudi, na mnyweshe jioni. Tena punda huchagua maji. Maji machafu huyakataa hata akiwa na kiu, kwa hiyo osha chombo chake.

Wataka kujua kama amekauka? Bana ngozi ya shingo kwa vidole viwili, kisha achia. Ikirudi mara moja, ni vizuri. Ikibaki imesimama kama hema, anataka maji sasa hivi.

Fanyeni kazi alfajiri na jioni. Saa sita mpaka saa tisa mchana, mweke kivulini.

Mfunge kwa mkanda mpana na laini. Kamba ya nailoni hukata mguu mpaka mfupa, na waya ni mbaya zaidi. Usimwache azurure kwenye majalala. Majani yakiisha, punda wa mjini hula mifuko ya plastiki. Mifuko haiyeyuki tumboni. Hujikusanya, ikaziba njia ya chakula. Na usimlishe juu ya mchanga mtupu, maana mchanga nao humjaa tumboni. Tandika gunia, au tumia karai.

Usiku awe ndani ya zizi lenye miiba, kwa ajili ya fisi.

KIDONDA NA PEPOPUNDA

Punda akipata kidonda, chemsha maji, uyaache yapoe. Katika nusu lita tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Osha kidonda taratibu kila siku. Usitie majivu, wala oili ya gari, wala maji ya betri. Vitu hivyo huunguza nyama na kuongeza ugonjwa. Lakini dawa kubwa ya kidonda cha mgongo ni kupumzika. Hakuna dawa duniani itakayoponya kidonda kinachosuguliwa na tandiko kila asubuhi.

Mnajua kwamba kuna ugonjwa uitwao pepopunda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na mavi, nao huingia kwa kidonda, hasa kile chembamba chenye kina, kama cha msumari. Punda hukakamaa miguu, mkia huinuka, taya hufunga, na mwisho mara nyingi ni kifo. Ugonjwa huu huwapata watu pia. Iko chanjo ya punda, na iko chanjo ya watu. Mwulize bwana mifugo juu ya ile ya kwanza, na zahanati juu ya ya pili.

Na punda aliyeumwa na mbwa asiyejulikana, au anayeng'ata ovyo na kutoa mate, usitie mkono wako kinywani mwake. Mtenge, utoe habari upesi.

THAMANI YA PUNDA LEO

Zamani watu walisema, "Huyu akifa, nitanunua mwingine." Neno hilo sasa ni gumu. Katika miaka ya karibuni punda wengi wa Afrika walichinjwa kwa ajili ya ngozi zao, ambazo huchemshwa kutoa gundi ya kutengenezea dawa ya kienyeji ya Uchina iitwayo ejiao. Wengine waliibwa usiku, na wenyewe wakakuta kamba tupu. Mwaka 2022 serikali ya Tanzania ilizuia uchinjaji wa punda. Mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, walikubaliana kuuzuia uchinjaji kwa biashara hiyo katika bara zima.

Wala punda hazaliwi kama kuku. Jike huchukua mimba miezi 12 hivi, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Mtoto huyo asibebeshwe mzigo kabla ya kutimiza angalau miaka 3. Jumlisheni: mwaka 1 wa mimba na miaka 3 ya kukua ni miaka 4. Basi ukimpoteza punda wako kwa haraka ya siku moja, ukangoja mwingine azaliwe na kukua, utabeba maji kichwani miaka 4. Lakini punda anayetunzwa vizuri aweza kuishi miaka 30 na zaidi.

Kule Lamu, mji wa njia nyembamba zisizopitika kwa gari, punda ndiye lori, na ndiye mkokoteni wa mawe na mchanga. Tangu mwaka 1987 kuna zahanati ya punda mjini humo. Watu wa huko hawacheki mtu anayempeleka punda kwa daktari. Na sisi tusicheke.

Basi, ndugu zangu, methali ya wazee tusiitupe, ila tuigeuze kidogo: punda apone, na mzigo wa kesho ufike. Kesho asubuhi, kabla ya kumpandishia madumu, weka kiganja chako mgongoni mwake. Hiyo ndiyo kazi mnayopewa leo. Kwaherini.

MANENO YA KUJIFUNZA

Shogi: mfuko mpana wa ukili unaowekwa mgongoni mwa punda, wenye nafasi ya mzigo pande mbili.
Kichanja: jukwaa la miti la kuwekea vitu juu ya ardhi.
Tupa: chuma chenye meno madogo cha kusugulia.
Theluthi: sehemu moja ya kitu kilichogawanywa mara tatu.

MASWALI

1. Kwa nini mvua humdhuru punda kuliko jua?
2. Taja mambo matano ya kufanya kila asubuhi.
3. Punda ana uzito wa kilo 150. Theluthi yake ni kilo ngapi? Je, anaweza kubeba madumu matatu ya lita 20?
4. Kwa nini nira ya ng'ombe haimfai punda?
5. Kabla ya kutumia dawa ya kupe, utasoma nini katika chupa?
6. Andika sentensi tatu juu ya punda wa kwenu, au wa jirani. Mwambie jinsi mgongo wake ulivyokuwa ulipompapasa leo asubuhi.